UZI: Seva moja, mashine pepe tano. Haipavaiza inafanya nini humo ndani?

FundiSeva_Kisasa (mleta mada)
Kisasa, Dodoma

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa seva zilizotumika watu wameuliza jambo lilelile kwa namna nyingi: "Nikinunua seva ya RAM GB 64, nitapata mashine pepe ngapi?" Majibu yakawa namba tupu. Mmoja anasema nane, mwingine ishirini, na hakuna aliyeeleza humo ndani kunatokea nini. Mji wetu unakua kwa kasi. Shule binafsi, zahanati na SACCOS zinaagiza seva kutoka Dar na kuziweka kwenye chumba chenye feni moja na vumbi la Agosti. Anayeielewa haipavaiza atapanga vizuri hata kwa fedha ndogo. Asiyeielewa ataongeza RAM wakati tatizo liko kwenye diski. Nitaandika kwa kirefu, naomba mnivumilie.

Haipavaiza ni programu inayoshika vifaa halisi vya kompyuta, yaani prosesa, RAM, diski na kadi ya mtandao, na kuvigawa ili mifumo endeshi kadhaa ikae humo kwa wakati mmoja, kila mmoja ukiona kompyuta kamili iliyo yake peke yake. Hiyo kompyuta inayoonekana ndiyo mashine pepe. Moja unaweka Windows ya uhasibu, nyingine Linux ya tovuti, nyingine faili za ofisi, na hakuna inayojua habari za mwenzake. Mfumo ulio ndani ya mashine pepe tunauita mgeni, na kompyuta halisi ndiyo mwenyeji.

Wengi wanaoeleza huishia hapo, halafu msomaji anabaki akidhani haipavaiza imekaa mlangoni na kila hesabu ya mgeni lazima ipite kwake kwanza. Sivyo kabisa. Sehemu kubwa ya muda haipavaiza imelala. Amri za mgeni zinaingia moja kwa moja kwenye prosesa halisi na kukimbia kwa kasi ya prosesa hiyo. Haipavaiza inaamka pale tu mgeni anapogusa kitu kisicho chake peke yake: anaandika kwenye kifaa, anabadilisha mpangilio nyeti wa prosesa, au muda wake umekwisha na mwenzake anasubiri zamu. Ukilishika hili moja, maswali mengi ya kasi, ya ukubwa wa seva na ya "mbona inakwama" yatajijibu.

Wazo lenyewe ni la zamani. IBM walikuwa nalo kwenye mashine zao kubwa miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakatangaza VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg wakaandika masharti: mgeni aone mazingira yaleyale ambayo angeyaona kwenye mashine halisi, amri nyingi zikimbie bila kuingiliwa, na haipavaiza ibaki na mamlaka kamili juu ya vifaa. Ili hayo yatimie, kila amri nyeti lazima inaswe pale mgeni asiye na mamlaka anapoitumia. Yaani prosesa isimame na kumwita mwenye mamlaka.

Prosesa za Intel tulizozizoea kwenye PC zilikuwa haziwezi hilo. Zilikuwa na amri 17 zilizovunja sharti. Chukueni POPF. Keneli (kiini cha mfumo endeshi) ikiitumia ikiwa na mamlaka, inaweza kuzima au kuwasha makatizo ya prosesa, yaani ishara zinazoikatisha kazi ili ishughulikie jambo jingine. Ikitumiwa na asiye na mamlaka, prosesa hailalamiki wala haisimami. Inapuuza sehemu ile na kusonga mbele. Sasa keneli ya mgeni inaamini imezima makatizo, kumbe hayajazimwa, na haipavaiza haina habari. Mgeni wa namna hiyo anaanguka muda wowote.

Njia za kulikwepa zilikuwa mbili. VMware, iliyoanzishwa 1998 na kutoa Workstation mwaka 1999, ilisoma amri za keneli ya mgeni zikiwa zinakimbia na kuzitafsiri upya zile mbaya kabla hazijafika kwenye prosesa. Xen, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2003, ikasema: turekebishe keneli ya mgeni yenyewe, pale ambapo ingetumia amri mbaya ipige simu kwa haipavaiza. Njia ya kwanza ilikuwa kazi ngumu mno ya uhandisi. Ya pili ilikuwa safi, lakini nani angekurekebishia keneli ya Windows?

Intel wakaleta VT-x mwishoni mwa 2005, AMD wakafuata na AMD-V mwaka 2006, na hapo mambo yakabadilika. Prosesa ikapata hali mbili: hali ya mwenyeji na hali ya mgeni. Ndani ya hali ya mgeni keneli ya mgeni ina ngazi zake zote za mamlaka kama kawaida, inajiona bosi. Mgeni akigusa kitu ambacho haipavaiza imekiwekea alama, prosesa yenyewe inahifadhi hali yake yote kwenye eneo maalumu la kumbukumbu, inarudi hali ya mwenyeji na kuikabidhi haipavaiza ikiwa na sababu ya kutoka. Haipavaiza inasoma sababu, inashughulikia, inamrudisha mgeni palepale alipoishia. Yeye hajui kama alisimamishwa.

Kila kutoka na kurudi kunagharimu mamia hadi maelfu ya mizunguko ya prosesa. Ndiyo maana mtaalamu wa mashine pepe siku zote anauliza: mgeni wangu anatoka mara ngapi, na kwa sababu gani?

Karibuni kwa maswali. RAM na diski nitakuja nazo.

---

Ng'hong'ona_Coder

Shikamoo kaka FundiSeva. Mimi ni mwanafunzi hapa UDOM, tuna somo la mifumo endeshi muhula huu. Swali: kwa hiyo haipavaiza ni tofauti na emuleta? Maana tulifundishwa kwa pamoja na mimi nilijua ni kitu kimoja.

La pili, laptopu yangu ina Windows 11 na RAM GB 8. Nikiwasha Ubuntu ya Linux kwenye VirtualBox (programu ya mashine pepe) inatambaa, na chini pembeni kuna alama ya kobe wa kijani. Sijui ndiyo nini.

---

FundiSeva_Kisasa (mleta mada)

Marahaba mdogo wangu.

Emuleta inaigiza prosesa kwa programu. Kila amri ya mgeni inasomwa, inatafsiriwa, inatekelezwa kwa niaba yake. Faida yake ni kwamba unaweza kuendesha programu ya simu ya ARM juu ya prosesa ya Intel. Hasara yake ni kasi. Haipavaiza inamwacha mgeni akimbie kwenye prosesa halisi, kwa hiyo mgeni lazima awe wa jamii ileile ya prosesa. Kilichokuchanganya pengine ni QEMU, programu aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003. QEMU peke yake ni emuleta. Ukiiunganisha na KVM, moduli iliyoingia kwenye keneli ya Linux toleo 2.6.20 mwezi Februari 2007, kazi ya prosesa inaachiwa KVM na QEMU inabaki kuigiza vifaa tu: diski, kadi ya mtandao, kioo.

Kobe wako ana maana kubwa. Anakuambia kwamba VirtualBox haikupata VT-x moja kwa moja, kwa sababu Hyper-V ya Windows imeshaishika. Windows 11 ina ulinzi unaoitwa Memory integrity, uko kwenye ukurasa wa Core isolation, na ulinzi huo unasimama juu ya haipavaiza ya Microsoft. Kwa maneno mengine Windows yako yenyewe imekaa juu ya haipavaiza, na VirtualBox inaomba huduma kwake. Unaweza kuuzima ukaona kasi inarudi, lakini ni ulinzi wa kweli dhidi ya programu chafu zinazolenga keneli. Kama laptopu ndiyo hiyohiyo ya benki na barua pepe zako, nakushauri uuache, uwashe Hyper-V kamili kama Windows yako ni Pro, uweke Ubuntu humo.

Na GB 8 ni ndogo. Windows 11 inakula karibu nusu kabla hujafungua chochote. Mpe Ubuntu GB 3, tena toleo la seva lisilo na madirisha, ufanyie mazoezi kwa SSH (kuingia kwa maandishi kupitia mtandao).

---

MwanaMakole

Kwa sisi tusio watu wa kompyuta, ni sahihi nikisema hii ni kama nyumba ya kupanga pale Chang'ombe? Mwenye nyumba mmoja, wapangaji watano, kila mtu na chumba chake, choo na bomba la wote?

---

FundiSeva_Kisasa (mleta mada)

Ni mfano mzuri mkuu, hasa hapo kwenye bomba la wote, maana ugomvi wa mashine pepe nao huanzia kwenye diski na mtandao. Ila mfano unafika mwisho mahali pamoja: mpangaji anajua amepanga. Keneli ya Windows iliandikwa ikiamini kwamba inamiliki mashine nzima, kuanzia RAM ya anwani sifuri mpaka ya mwisho. Kazi ngumu ya haipavaiza ni kuulinda huo uaminifu kwa wageni watano kwa pamoja.

Na hapa ndipo RAM inapoingia. Kwenye kompyuta ya kawaida, programu inatumia anwani za kufikirika na prosesa inazigeuza kuwa anwani halisi kwa kupitia jedwali la kurasa, yaani vipande vidogo ambavyo RAM hukatwa. Kwenye mashine pepe kuna tabaka mbili. Jedwali la mgeni linageuza anwani ya programu kuwa anwani ambayo mgeni anadhani ni halisi, kisha jedwali la pili, la haipavaiza, linaigeuza hiyo kuwa mahali halisi kwenye kijiti cha RAM. Zamani haipavaiza ilitunza jedwali la kivuli kwa mkono, na kila mgeni alipogusa jedwali lake kulikuwa na kutoka. AMD walileta jedwali la pili ndani ya prosesa mwaka 2007, Intel mwaka 2008, na sehemu kubwa ya kutoka huko ikaisha.

Gharama haikuisha yote. Kwenye mashine halisi yenye jedwali la ngazi nne, kutafuta anwani moja ambayo haimo kwenye kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) kunahitaji kusoma kumbukumbu mara 4. Kwenye mashine pepe, kwa kuwa kila ngazi ya mgeni nayo lazima ipite jedwali la mwenyeji, inaweza kufika mara 24. Kwa hiyo kama una hifadhidata kubwa ndani ya mashine pepe, washa kurasa kubwa za MB 2 badala ya KB 4. Jedwali linapungua ngazi na kashe inafunika eneo kubwa zaidi.

---

Mhasibu_AreaC

Ndugu mleta mada, nimesoma yote na nimeelewa zaidi ya nilivyotarajia. Niko kwenye zahanati ndogo hapa mjini. Tuna kompyuta tatu za mezani zilizochoka: moja ya uhasibu, Windows, moja ya kumbukumbu za wagonjwa, Linux, tuliwekewa, na moja ya kushirikishana faili. Fundi mmoja anatushauri tununue seva moja tuziunganishe zote. Mwenzangu ofisini anasema seva ikifa siku hiyo hatuandikishi mgonjwa. Nani yuko sahihi? Na umeme wa huku mnaujua.

---

Dada_wa_Manyoni

Naomba nimjibu mhasibu kabla ya mleta mada, kwa sababu nimefanya zoezi hilohilo kwenye taasisi ninayoitunzia mitambo.

Wote wawili wako sahihi. Kuunganisha ni jambo jema: mashine tatu zilizochoka zina pawa saplai tatu za kufa na diski tatu za kufa, na sehemu kubwa ya siku prosesa zake hazifanyi kitu. Lakini usinunue seva moja kubwa. Nunua mbili za wastani zilizotumika. Weka Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, kwenye zote mbili. Ni ya Austria, msingi wake ni Debian (aina ya Linux), ndani inatumia KVM hiyohiyo, na unaweza kuitumia bila kulipia. Diski zikiwa na ZFS (mfumo wa kupanga faili kwenye diski), Proxmox inaweza kunakili mashine pepe kutoka seva ya kwanza kwenda ya pili kila baada ya dakika 15. Seva ya kwanza ikifa, unawasha nakala kwenye ya pili, umepoteza robo saa ya kazi kwa ubaya wake wote.

Angalizo: seva mbili zikiunganishwa kuwa klasta (kundi linalosimamiwa kama kitu kimoja), moja ikizimika nyingine inabaki na kura moja kati ya mbili, inakataa kuendelea kwa sababu haijui nani amekufa. Unahitaji kura ya tatu. Hata Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, inatosha kuwa mpiga kura.

Zamani ningekushauri ESXi, haipavaiza ya VMware, na ni kazi bora, sina neno baya juu ya teknolojia yake. Lakini Broadcom walipoinunua VMware Novemba 2023, mwezi uliofuata wakaacha kuuza leseni za kudumu. Toleo la bure likaondolewa 2024, likarudishwa 2025. Zahanati haiwezi kupanga bajeti juu ya mambo yanayogeuka hivyo.

FundiSeva, na wewe kuna kitu umekiruka. Vitabuni haipavaiza zinagawanywa aina ya kwanza, inayokaa moja kwa moja juu ya vifaa, na aina ya pili, inayokaa juu ya mfumo endeshi kama programu nyingine. Umekiacha kwa makusudi?

---

FundiSeva_Kisasa (mleta mada)

Kwa makusudi dada, na asante kwa kuuliza. Mgawanyo huo unafaa mtihani. Xen na ESXi ni za kwanza, VirtualBox ni ya pili, sawa. KVM utaiweka wapi? Ni sehemu ya keneli ya Linux, kwa hiyo iko juu ya vifaa moja kwa moja, lakini Linux hiyohiyo inaendesha programu nyingine. Na Windows ya mdogo wetu wa Ng'hong'ona tumeona iko juu na chini kwa wakati mmoja. Mtu akiniuliza aina, mimi namuuliza: kifaa kikiguswa, nani anashughulikia, na yuko mbali kiasi gani na prosesa? Jibu hilo lina manufaa zaidi.

Nimuoneshe mhasibu kwa kitu anachokifanya kila siku. Umeandika risiti, umebofya hifadhi. Ndani ya mashine pepe, Windows inadhani ina diski ya IDE ya kizamani. Draiva yake inaandika kwenye milango ya kifaa: sekta ya kuanzia, idadi ya sekta, amri ya kuandika. Kila kuandika mlangoni ni kutoka. Prosesa inasimama, KVM inaangalia sababu, inaona ni kifaa, inaipa QEMU, QEMU inakumbuka thamani, inarudi kwa mgeni. Kisha mlango unaofuata. Risiti moja, safari nyingi, na diski halisi bado haijaguswa.

Sasa badilisha diski iwe ya virtio. Hapa mgeni anajua kwamba yuko kwenye mashine pepe na anashirikiana. Anapanga maombi yake kwenye duara la kumbukumbu ambalo haipavaiza nayo inaliona: andika hiki hapa, kile pale. Akishapanga, anagonga mara moja. Haipavaiza inachukua maombi yote kwa mpigo. Seva ileile, diski ileile, na tofauti utaiona kwa macho.

Tatizo ni kwamba Windows haiji na draiva za virtio. Ukiiweka mara ya kwanza, kwenye ukurasa wa kuchagua diski utakuta patupu, hakuna diski hata moja. Watu hapo wanakata tamaa na kurudi kwenye IDE, na mashine inakuwa nzito maisha yake yote. Usirudi. Pakua ISO (faili ya nakala ya CD) ya virtio-win, iunganishe kama CD ya pili, bofya Load driver, ingia folda ya vioscsi (ya kidhibiti cha VirtIO SCSI), chagua toleo la Windows yako, kisha amd64. Diski itajitokeza palepale. Ukimaliza, weka na draiva ya mtandao, NetKVM, kutoka CD hiyohiyo.

---

Ng'hong'ona_Coder

Kaka, nimejaribu kwenye kompyuta ya mezani ya rafiki yangu. Nimeandika

grep -E -c 'vmx|svm' /proc/cpuinfo

imeleta 8. Lakini KVM inagoma, faili ya /dev/kvm haipo.

---

Dada_wa_Manyoni

Hiyo 8 inamaanisha prosesa ina uwezo. Mara nyingi kinachobaki ni BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta kabla mfumo endeshi haujawaka. Zima, ingia BIOS, tafuta Intel Virtualization Technology, kwenye AMD imeandikwa SVM Mode, iwashe, hifadhi. Kisha zima kabisa mpaka taa ziishe ndipo uwashe. Mashine nyingine hazipokei badiliko hilo kwa kuanza upya tu. Ikigoma bado, andika dmesg na utafute neno kvm. Kama imezimwa na BIOS, itakuambia wazi.

---

Mzee_wa_Ihumwa

Vijana hongereni, uzi una nidhamu. Nina jambo la usalama. Mnasema wageni hawajuani. Je, mgeni mmoja akidukuliwa, kweli hawezi kutoka nje akamfikia mwenzake? Kama zahanati inaweka kumbukumbu za wagonjwa na tovuti ya wazi kwenye seva moja, mimi ningeogopa.

---

FundiSeva_Kisasa (mleta mada)

Mzee wangu, shikamoo. Hofu yako ina msingi. Imewahi kutokea njia ya kutoka. Mwaka 2015 lilitangazwa tundu lililopewa jina VENOM, lenye namba CVE-2015-3456 kwenye orodha ya matundu ya usalama. Lilikuwa kwenye sehemu ya QEMU inayoigiza kifaa cha flopi. Mgeni mwenye mamlaka ya mzizi angeweza kutuma data iliyozidi kipimo kwenye flopi hiyo ya kufikirika na kuharibu kumbukumbu ya QEMU iliyoko kwa mwenyeji. Msimamizi hata kama hakuwahi kumpa mgeni flopi, msimbo ule ulikuwepo.

Tazama mahali tundu lilipokuwa. Halikuwa kwenye prosesa wala kwenye kugawa RAM. Lilikuwa kwenye kuigiza kifaa, yaani palepale ambapo mgeni anatoka na haipavaiza inapokea maneno yake. Kila kifaa unachompa mgeni ni mlango. Kwa hiyo ondoa usichohitaji: sauti, USB. Sasisha mwenyeji kila toleo la usalama linapotoka. Tovuti ya wazi iweke kwenye mtandao wake, mbali na wa wagonjwa. Na ukurasa wa kusimamia Proxmox, ule wa mlango 8006, usiuweke kwenye intaneti kabisa.

Bado mashine pepe ni salama zaidi kuliko kontena (vyumba vya programu visivyo na mfumo endeshi wake kamili), kwa sababu kontena zote zinatumia keneli moja ya mwenyeji. Tundu moja la keneli linawagusa wote. Kwa kumbukumbu za wagonjwa mimi natumia mashine pepe, sina mjadala hapo.

---

Nkuhungu_Net

Nauliza la RAM sasa, ndiyo kiini cha ule uzi wa kwanza. Nimeona watu wanagawa GB 100 kwenye seva ya GB 64 na inakimbia. Inawezekanaje?

---

FundiSeva_Kisasa (mleta mada)

Inawezekana kwa sababu RAM ya mgeni kwa KVM ni kumbukumbu ya kawaida ya programu. Umemwandikia GB 16, lakini Linux inampa ukurasa halisi pale anapougusa kwa mara ya kwanza. Mgeni aliyegusa GB 5 anatumia GB 5. Zaidi ya hapo kuna mbinu mbili. KSM inatafuta kurasa zinazofanana neno kwa neno kati ya wageni na kuziunganisha kuwa moja, na mmoja wao akitaka kuandika anapewa nakala yake. Na kuna puto: draiva ndani ya mgeni inaomba RAM kutoka kwa keneli ya mgeni mwenyewe, kisha inairudisha kwa mwenyeji. Mgeni anabanwa taratibu na anaamua mwenyewe atoe nini.

Hatari iko hapa. Windows ina tabia ya kusafisha kurasa zake, kwa hiyo baada ya muda inakuwa imegusa karibu zote ulizompa. Siku wageni wote wanapohitaji kwa pamoja, tuseme mwisho wa mwezi wakati wa mishahara, mwenyeji anaanza kuhamisha kurasa kwenda diski. Na haipavaiza haijui ukurasa upi ni muhimu kwa mgeni. Inaweza kuhamisha ule ambao mgeni anauhitaji sekunde inayofuata. Kila mtu anasimama. RAM ikiisha kabisa, Linux inachagua programu kubwa na kuiua, na programu kubwa kuliko zote ndiyo mashine pepe yako muhimu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa ofisi zetu: RAM usigawe zaidi ya iliyopo. Prosesa unaweza, kwa sababu prosesa inasubiriwa kwa zamu na hakuna kinachopotea. Lakini hata huko kuna kiasi. Taasisi moja niliyoitwa walikuwa na kori 8 (viini vya prosesa) na mashine pepe tano, kila moja imepewa prosesa 8, kwa imani kwamba kila mmoja atapata kasi yote. Kila prosesa ya mgeni kwa KVM ni thredi ya kawaida ya Linux, yaani mlolongo mmoja wa kazi unaosubiri zamu ya kori. Thredi 40 zilikuwa zinagombea kori 8. Ndani ya mgeni niliandika top, na kwenye mstari wa prosesa, pale palipoandikwa st, ilikuwa zaidi ya 30. Hiyo ni asilimia ya muda ambao mgeni alikuwa tayari kufanya kazi na hakupewa prosesa. Tukawapunguzia wote hadi 2, isipokuwa hifadhidata tuliyoipa 4. Hatukununua kitu, na malalamiko yakaisha.

---

Dada_wa_Manyoni

Nakubaliana na yote, naongeza moja ambalo linaumiza watu: snapshoti. Ukipiga snapshoti, haipavaiza hainakili diski. Inagandisha ile iliyopo, na kila kinachoandikwa baada ya hapo kinaenda pembeni. Ni nzuri mno kabla ya kusasisha programu: ukiharibu, unarudi nyuma kwa dakika moja. Lakini iko kwenye diski ileile. Diski ikifa, vyote vimekufa. Na ukiiacha miezi, sehemu ya pembeni inavimba mpaka hifadhi inajaa na wageni wote wanasimama. Bakapu ni nakala kamili iliyo kwenye kifaa kingine, ikiwezekana jengo jingine, na ambayo umeshawahi kuirudisha ukaona inawaka.

---

Mhasibu_AreaC

Nashukuruni sana ndugu zangu. Nimeamua seva mbili. Bado suala la umeme, na kwa RAM GB 32 kila moja nigaweje?

---

FundiSeva_Kisasa (mleta mada)

Kwenye seva ya kwanza: mwacheni mwenyeji na GB 8, maana ZFS inahitaji kashe yake. Windows ya uhasibu GB 8, prosesa 2. Kumbukumbu za wagonjwa GB 8, prosesa 4. Faili GB 4, prosesa 2. Inabaki GB 4, msiiguse. Seva ya pili iwe na nafasi ya kuzibeba zote tatu, la sivyo haina maana ya kuwepo.

Umeme: UPS (betri ya akiba) yenye waya wa USB, na programu ya NUT kwenye mwenyeji. Betri ikishuka, NUT inamwamuru mwenyeji azime wageni kwa utaratibu, hifadhidata kwanza. Ndani ya kila mgeni wekeni QEMU guest agent ili amri ya kuzima imfikie vizuri. Kwenye mpangilio wa diski kuna chaguo limeandikwa Write back (unsafe). Linavutia kwa kasi yake, lakini linamdanganya mgeni kwamba data imeshafika kwenye diski wakati bado iko kwenye RAM. Kwa kumbukumbu za wagonjwa msilitumie kamwe.

Vumbi: kichujio cha mlangoni, na feni za seva zipulizwe kabla upepo wa kiangazi haujaanza.

Kabla hamjalipa, mwambieni muuzaji awashe seva mbele yenu, aingie BIOS awaoneshe VT-x na VT-d (ile ya kumpa mgeni kifaa halisi moja kwa moja) zote zimewashwa. Kisha wekeni hapa aina ya diski alizonazo, tuwaambie zipi za kukataa.